Kioo cha Shalott na dirisha la Enoch Arden: Tennyson na upweke mara mbili

Mwenye dakika kumi asome "The Lady of Shalott". Mwenye saa nzima na subira ya mvuvi asome "Enoch Arden". Yote mawili ni mashairi simulizi ya Alfred Tennyson, Mwingereza aliyezaliwa 1809 na kufa 1892, na yote mawili yanahusu mtu aliyetengwa na watu mpaka akafa. La kwanza lilichapwa mwishoni mwa 1832, mtunzi akiwa na miaka 23, kisha akalifumua na kulishona upya kwa toleo la 1842, ambalo ndilo linalosomwa leo. La pili lilitoka 1864 akiwa na miaka 55, tayari mshairi rasmi wa ufalme tangu 1850, na likauzika kama njugu.

Kwa ufundi, Shalott ni bora, na si kwa tofauti ndogo. Lakini upweke ulioiva uko ndani ya Enoch Arden, umefukiwa chini ya mambo ambayo msomaji atalazimika kuyavumilia kwanza.

Bibi wa Shalott anaishi peke yake ndani ya kuta nne za kijivu zenye minara minne, kwenye kisiwa cha mto unaoteremka kwenda Camelot, mji wa Mfalme Arthur. Anafuma mchana na usiku. Amesikia mnong'ono kwamba laana itamshukia akiutazama mji, kwa hiyo dunia anaiona ndani ya kioo kilichotundikwa mbele yake, na anachokiona kiooni ndicho anachokifuma. Siku Lancelot, mmoja wa mashujaa wa Arthur, anapopita, bibi anaacha kitanda chake cha kufumia, anapiga hatua tatu, anatazama nje, na kioo kinapasuka. Anateremka, anakuta mashua, anaandika jina lake kwenye omo, analala ndani yake akiimba, na anakufa kabla hajaifikia nyumba ya kwanza ya Camelot.

Enoch ni yatima wa baharia katika bandari ndogo ya Uingereza. Utotoni yeye, Philip mwana wa mwenye kinu, na Annie hucheza mchezo wa nyumba ndani ya pango ufukweni: leo Enoch ndiye mume, kesho Philip. Enoch anamwoa Annie na wanaishi vizuri miaka saba. Kisha anaanguka kutoka mlingotini, anavunjika, biashara inamponyoka, naye anapanda jahazi la kwenda China. Wakati wa kurudi chombo kinavunjika na yeye anatupwa kisiwani. Kwao miaka kumi inapita, Philip anawalipia watoto ada ya shule, na mwishowe Annie anaolewa naye. Enoch anaokolewa, anarudi, anayaona hayo kwa macho yake, ananyamaza, na baada ya kama mwaka mmoja anakufa. Marekani jina lake lilihamia hadi kwenye sheria, katika kanuni zinazohusu ndoa ya mtu ambaye mwenzake amepotea, suala ambalo makadhi wa kwetu nao wana hukumu zake za tangu zamani.

Msomaji aliyelelewa na utenzi ataingia Shalott kwa mlango ambao wasomaji wengi wa Kiingereza hawaujui. Ubeti wa utenzi una mishororo 4 ya mizani 8: mitatu ina kina kimoja, na wa nne una kina cha bahari, kinachorudi ubeti kwa ubeti hadi mwisho. Ubeti wa Shalott una mishororo 9. Minne ya kwanza ina kina kimoja na wa tano huishia Camelot. Mitatu inayofuata ina kina kingine na wa tisa huishia Shalott. Ukiondoa mshororo mmoja wa ziada, hizo ni beti mbili za utenzi zilizofungwa pamoja, na kina cha bahari kinakwenda beti zote 19 bila kukatika. Mizani nayo ni 8 kwa kawaida, ikishuka hadi 7 mwendo unapochangamka, na kituo ni kifupi zaidi, mara nyingi 6. (Mwingereza huhesabu pia mikazo ya sauti, minne kwa mshororo, lakini sikio la utenzi halitapotea.) Kwa hiyo nusu ya pili ya ubeti ule maarufu, pale kioo kinapopasuka, inakubali Kiswahili karibu bila kulazimishwa:

Nguo ikapeperuka,
kioo kikapasuka,
"Laana imenifika,"
asema Bi wa Shaloti.

Kilichopotea hapo ni ufa wenyewe. Tennyson anasema kioo kilipasuka kutoka ukingo hadi ukingo, na mizani 8 zetu hazikuacha nafasi. Anayetaka kulifasiri shairi zima ajue mapema kuwa atapata vina kwa urahisi na atapoteza vivumishi kwa mafungu.

Hasara kubwa zaidi itakuwa kwenye ubeti mmoja wa sehemu ya tatu, na huo usomwe polepole. Katika beti 19, mshororo wa tano unaishia Camelot mara 18, na wa tisa unaishia Shalott mara 18. Mara moja tu katika kila nafasi jina hilo linafukuzwa, na anayelifukuza ni Lancelot. Kwanza anaichukua nafasi ya Camelot, anapotokea kwa mbali akiwaka juani. Beti tatu baadaye anaichukua nafasi ya Shalott yenyewe, akiimba upuuzi wa "tirra lirra" kando ya mto. Kabla huyu bibi hajainuka kitini, shairi limeshamwambia kwa vina kwamba nyumba yake ina mtu mwingine ndani. Na katika ubeti huohuo vina vitatu vinavyotangulia kituo ni mto, kioo, mto: neno la mto limerudiwa lilelile, likikizunguka neno la kioo pande mbili. Malenga wa kwetu angesema kurudia neno kuwa kina ni udhaifu. Hapa ndiyo picha: Lancelot anamulika kioo mara mbili, kutoka ukingoni na kutoka majini, akiwa sura ya mtu na sura ya sura. Hicho ndicho kiasi cha binadamu kilichowahi kumfikia Bibi wa Shalott.

Wengi hukosea kuliita hili shairi la mapenzi. Ukirudi kwenye sehemu ya pili utaona kinachomtoa mahali pake hakikuwa Lancelot. Alikuwa ameshaona kiooni mazishi ya usiku yenye taa na muziki, akafuma. Ndipo wakapita vijana wawili waliooana majuzi chini ya mwezi, akasema amechoshwa nusu na vivuli. Nusu, si kabisa. Neno hilo dogo ndilo linalobeba sehemu yote ya pili, maana mtu aliyechoshwa kabisa angegeuka siku nyingi. Kosa jingine ni kumdhania amefungiwa mbali na watu. Wavunaji wa shayiri wanamsikia akiimba alfajiri, majahazi yanapita chini ya ukuta wake. Anasikika haonekani, naye anaona haonwi.

Kuna pia mazoea ya kuuelezea upweke wote wa Tennyson kwa kifo cha rafiki yake Arthur Hallam. Kwa shairi hili tarehe zinakataa. Hallam alikufa Septemba 1833, na Shalott lilikuwa limeshachapwa.

Sasa Enoch Arden. Ni mishororo zaidi ya 900, mizani 10 kila mmoja, bila vina. Ndio mtindo alioutumia Shakespeare katika Julius Caesar, ambayo Nyerere aliifasiri, kwa hiyo si mgeni kabisa kwa msomaji wa Kiswahili. Tatizo ni sentensi. Zinapita mishororo kumi na zaidi kabla ya nukta, na anayevuta pumzi mwisho wa kila mshororo atapoteza nani kafanya nini. Dawa ni kusoma kwa sauti na kupumzika kwenye alama za uandishi tu, ukiusahau ukingo wa mshororo.

Theluthi ya kwanza ina uzito wa ziada. Tennyson anaogopa vitu vya kawaida. Mvuvi akibeba samaki kwenye tenga, yeye anaandika mateka ya bahari ndani ya fito zenye harufu ya bahari. Walter Bagehot, mhariri wa The Economist, alimsuta kwa hilo mwaka huohuo wa 1864, na hakumwonea. Mvuvi wa Malindi au wa Nungwi akisomewa mshororo huo atauliza bei ya kilo. Lakini msomaji asiruke kurasa hizo, kwa sababu lile pango la mchezo wa utotoni litarudi. Enoch akitupwa kisiwani anajijengea makao ya makuti, nusu kibanda, nusu pango la asili. Amerudishwa kwenye mchezo wa nyumba, safari hii bila mke na bila mpinzani. Tennyson halitaji hilo, na aliyeruka mwanzo hataliona.

Kisiwani wanafika watatu. Mmoja, kijana mdogo, ameumia na anachukua miaka mitano kufa. Wa pili anapigwa na jua akichoma gogo kulifanya mtumbwi. Anabaki Enoch, na chakula si shida: matunda, njugu, mizizi, ndege wasioogopa mtu. Hapo ndipo Tennyson anapofanya jambo ambalo Shalott haliwezi. Anaandika siku nzima ambamo hakuna kinachotokea. Kila siku macheo yanavunjika kuwa mishale myekundu kati ya minazi na magenge. Kisha mng'ao juu ya maji mashariki. Mng'ao juu ya kisiwa chake. Mng'ao juu ya maji magharibi. Kisha nyota kubwa, bahari inayonguruma kwa sauti ya kina zaidi, na tena mishale myekundu ya macheo, na hakuna tanga. Mishororo mitatu mfululizo inaanza kwa maneno yaleyale na kubadilisha upande wa dunia tu. Jua linatembea, sentensi inatembea, na mtu hasogei. Hakuna chozi hata moja humo. Kama ni kusoma ukurasa mmoja tu wa Enoch Arden, uwe huo.

Msomaji wa pwani atapata jambo la kuchekesha hapa. Kisiwa kimechorwa kama ajabu ya mbali, na minazi yake, mimea itambaayo na jua linalowaka, yaani karibu na uani kwa mtu wa Pemba. Kinachohitaji maelezo ni mambo ya nyumbani kwa Enoch: mti wa yew unaodumu kijani makaburini, na msitu ambako vijana huenda kuchuma kokwa wakati wa vuli, pale Philip anapowaona Enoch na Annie wameshikana mikono na kujificha kama mnyama aliyejeruhiwa.

Na kuna mtego wa tafsiri ambao unabadilisha hadithi. Annie, akitafuta ishara kama mumewe yu hai, anafungua Biblia bila kuchagua na kidole chake kinaangukia maneno "chini ya mtende". Haoni maana. Analala, anaota Enoch amekaa mahali pa juu chini ya mti huo na jua likimwakia, anajiambia yuko peponi, kwenye yale matawi ya Hosana aliyopokewa nayo Yesu, na anakubali kuolewa. Kweli ni kwamba wakati huo Enoch amekaa chini ya mti huo kisiwani, hai. Kiingereza kina neno moja kwa jamii yote ya miti hiyo. Kiswahili hakina. Debora wa Biblia alikaa chini ya mtende, matawi ya Hosana ni ya mitende, na kisiwa cha Enoch kina minazi. Mfasiri akiandika mtende kotekote, kisiwa kinageuka Basra, mji wa tende. Akiandika mnazi kisiwani, ishara inakatika kwa msomaji wa kawaida, ingawa kosa la Annie linakuwa la kutisha zaidi: aliota mti usio wenyewe. Pendekezo letu ni kuacha ndoto iwe na mtende na kisiwa kiwe na minazi, bila maelezo ya chini ya ukurasa.

Anaporudi, Enoch hana nyumba. Kibao cha kuuzwa kimepigwa ukutani. Anapanga chumba kwa Miriam Lane, mama wa nyumba ya wageni bandarini, ambaye bila kumtambua anamsimulia maisha yake mwenyewe: Enoch, maskini, alitupwa na bahari, akapotea. Naye anayarudia maneno hayo kwa kunong'ona, alitupwa, akapotea, na tena neno la mwisho peke yake, chini zaidi. Usiku anakwenda nyuma ya nyumba ya Philip. Dirisha lina mwanga mwekundu wa raha, nao unamvuta kama mnara wa taa unavyomvuta ndege wa safari mpaka anaugonga na kufa. Shairi halikwepeshi macho: vikombe na vyombo vya fedha vinameta mezani, Philip kando ya moto na mtoto mchanga magotini, binti aliyekua ananing'iniza utepe wenye pete kumchezea mtoto, Annie anamtazama mdogo, kisha anageuka kumwambia jambo mwanawe mrefu, naye anatabasamu. Enoch anashika tawi ili asipige yowe ambalo lingeivunja furaha ya nyumba hiyo kwa sekunde moja. Anarudi kwa kunyata, akiogopa changarawe zisilie chini ya viatu. Nje ya lango anaanguka, anachimba vidole kwenye udongo uliolowa, na kuomba nguvu ya kutomwambia kamwe.

Linganisha na Shalott: pale kioo, hapa dirisha. Bibi wa Shalott alitazama, kioo kikapasuka, akaenda kwa watu akiwa maiti yenye jina lililoandikwa. Enoch anatazama na kioo kinabaki kizima, kwa sababu yeye ndiye anayekishikilia kisipasuke. Kwa yule, katazo lilitoka kwa mnong'ono usio na mwenyewe. Kwa huyu, katazo amelitunga mwenyewe na kuliomba kila siku. Jina lake analificha katikati ya watu wanaolijua, akitengeneza mapipa na kushona nyavu za wenzake. Kisiwani alikuwa mpweke kwa sababu hapakuwa na watu. Bandarini watu wapo, mkewe yupo mitaa michache kutoka hapo, na upweke umezidi. Tennyson wa miaka 23 hakuwa amelijua hilo, au hakuwa na umbo la kulibeba. Ubeti wa mishororo 9 unaojifunga kwa jina la mahali hauwezi kumweka mtu mwaka mzima kimya.

Kwa anayetafuta nakala: yote mawili hayana tena hakimiliki na yanapatikana bure mtandaoni, lakini kwa Shalott angalia mwisho kabla ya kuanza. Ukikuta watu wa Camelot wanasoma karatasi kifuani kwa marehemu, ikiwaambia wasogee wasiogope, hiyo ni ya 1832, irudishe ulikoitoa. Ya 1842 inamaliza kwa Lancelot kutafakari kidogo, kusema ana uso mzuri, na kumwombea rehema. Mtu ambaye kutazamwa kwake kuliishusha laana anatoa sifa ya adabu kwa maiti asiyemjua, na hajui kitu. Baridi ya mishororo hiyo mitatu inashinda karatasi zote. Uchoraji wa J. W. Waterhouse wa 1888, ule wa mashua, ni wa sehemu ya nne; ukitazamwa kwanza unaharibu, kwa kuwa unampa sura mtu ambaye shairi limekataa kumwonyesha mpaka dakika ya mwisho.

Enoch Arden linafaa kusikilizwa. Richard Strauss alilitungia muziki wa piano kwa ajili ya msimulizi mwaka 1897, na maonyesho yake huchukua kama saa moja, piano ikikaa kimya sehemu kubwa ya muda huo. Kwa anayelisoma mwenyewe mbele ya wasikilizaji, ushauri ni mmoja. Usiku wa mwisho wa ugonjwa bahari inaita kwa kishindo mpaka nyumba zote za bandari zinalia. Enoch anainuka, ananyoosha mikono, anapaza sauti: tanga! tanga! nimeokoka! Kisha anaanguka na hasemi tena. Baada ya hapo Tennyson ameongeza mishororo mitatu, ya mwisho ikitujulisha kuwa bandari ile ndogo ilikuwa haijazoea kuona mazishi ya gharama kubwa kama hayo. Wapo wanaoitetea kuwa ni fidia ya mji kwa mtu wake. Wewe funga kitabu kabla yake.